Mipango Yangu ya Kumzuia Mjomba Asipate Timu

Jumamosi, 3 Mei

Jambo hili sijamwambia mtu. Simu ya Mjomba ikilia, mimi huomba awe mtu aliyekosea namba.

Nyumba nzima inaomba apate timu. Mama huomba kabla ya kula, kwa sauti ya mtu anayedai haki yake. Amina yangu hutoka mdomoni tu. Moyoni nasema: wasimchukue. Vibaya sana, najua. Lakini shajara ni ya nini basi?

Maelezo kwa wasomaji wangu, ambao wataisoma nikishakuwa marehemu maarufu. Mjomba ni mdogo wake Mama na ni mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kikapu. Watu wakisikia hivyo huomba kupiga naye picha. Kisha huuliza jina lake. Kisha hurudisha simu mfukoni. Amechezea timu tisa, na hakuna iliyokaa naye zaidi ya misimu miwili. Mama huiita kazi yake kibarua cha kuruka. Mama mwenyewe ni muuguzi, analinda wodi ya upasuaji.

Kazi ya Mjomba iko hivi. Kila timu ina nyota wake. Nyota hao wanatakiwa wajifunze kumshinda mrefu wa timu watakayokutana nayo mwisho wa wiki. Sasa katika mazoezi nani awe huyo mrefu? Mjomba! Jumatatu kocha humwambia, wiki hii wewe ni fulani. Mjomba humtazama fulani kwenye video, na Jumanne asubuhi ameshakuwa yeye. Anaruka kama yeye, ananuna kama yeye, anapangusa jasho kama yeye. Wenzake wanampiga viwiko wiki nzima. Siku ya mechi anakaa benchi na taulo shingoni, akimtazama fulani halisi. Anasema mara nyingi fulani halisi hajijui vizuri.

Timu ya tisa ilimshukuru mwezi wa pili, yaani ilimwacha. Akaja kwetu na begi la jezi za rangi zote. Analala kwenye kochi, miguu ikiwa juu ya kigoda, na juu ya kigoda mto. Mwanzoni alichukua riwaya zangu ili apate usingizi. Sasa anazificha chini ya kochi nisimwambie mwisho. Tunabishana mezani. Juzi alikataa kula mpaka nikubali kwamba yule mjane hakuua mtu. Kabla hajaja, mambo haya nilikuwa nikimweleza Mama, naye akitoka zamu huniambia tu, "Mwanangu, hao watu hawapo."

Leo simu imelia. Hakukosea mtu namba. Alikuwa wakala wake. Mjomba aliiweka simu mezani tukasikia wote. Kuna timu ndogo ya mbali inatafuta mrefu, na kocha wao anakuja Jumamosi ijayo kumtazama hapa hapa mjini, ukumbi wa michezo. Kisha wakala akashusha sauti. Akasema kwa umri wa miaka thelathini na minne, hii ndiyo simu ya mwisho. Akishindwa hapo, atafute kazi ya kukaa.

Mjomba alisema sawa. Akatoka uani akaruka kamba mpaka jirani akapiga kelele kwamba vyombo vyake vinacheza ngoma kabatini. Mama alilia kwa furaha. Mimi nilikwenda kutafuta kalamu.

Nina wiki moja.

Jumapili, 4 Mei

Mpango wa Kwanza: Chakula.

Nimesoma mahali kwamba mwanamichezo akiongezeka uzito huwa mzembe. Niliamka kabla ya wote. Nikakaanga mayai ya watu watano, nikampa mtu mmoja. Mkate wenye siagi ya karanga, unene wa kamusi. Mchana wali mara mbili na maharage mara tatu. Nikamwambia mwili wa mchezaji ni kama gari, unataka mafuta. Alikula kila kitu. Akasema, "Profesa, wewe ni wa kipekee, nani alikufundisha huruma hii?" Profesa ni mimi.

Kitu kikanichoma hapa chini ya ubavu. Labda ni maharage.

Mama aliuliza tangu lini ninajua kikaango kinapokaa. Akaninyang'anya mwiko. Akasema jikoni kwake si kituo cha basi, kila mtu kuingia na kutoka. Nilisubiri aende zamu. Nikaingia.

Jumatatu, 5 Mei

Mpango wa Pili: Kazi ya Kukaa.

Mwalimu wetu wa michezo anastaafu! Goti limemwambia basi. Shule inahitaji mtu. Mjomba anajua mpira na yuko hapa. Tungekwenda shule pamoja na kurudi pamoja, tukibishana njiani. Kinachotakiwa ni mtu mmoja tu amwambie Mwalimu Mkuu.

Niliandika hotuba ya aya tatu, na methali mbili. Niliikariri chooni. Nikasimama nje ya ofisi ya Mkuu. Nikainua mkono kubisha hodi, nikaushusha, nikauinua. Mlango ukafunguka wenyewe. Mkuu akauliza nina shida gani. Hotuba yote ikarudi tumboni. Nikabaki nimefungua mdomo kama samaki wa sokoni.

Akatazama saa. Akasema kumbe na mimi siku hizi ninachelewa, mtoto mzuri kama mimi! Akanionyesha ufagio. Nikafagia korido nzima. Nilifagia vizuri, sina budi kusema.

Mapumziko nilirudi, nikiwa nimejipa moyo. Mkuu akatoka, akaitazama korido, akaitazama tena. Akawaita walimu waje waione. Akaniteua Kiranja wa Usafi.

Sasa nina beji. Mjomba hana kazi.

Halafu kuna Kiranja wa Michezo, wa darasa letu. Alinikuta nikiipachika beji. Akaniuliza kwa sauti ya darasa zima, "Mjomba wetu anaendeleaje?" Wetu! Nikamwambia (polepole, ila nilimwambia) Mjomba ana mpwa mmoja tu duniani. Akanijibu mjomba wa mwenzio ni mjomba wako. Hiyo si methali. Nimeitafuta katika vitabu viwili. Ameitunga.

Kumbe shule nzima inajua habari za Jumamosi. Na huyu amejitolea kuja kwetu kila jioni kumrushia Mjomba mipira. Bila kunikaribisha, yaani bila kukaribishwa! Nimekasirika mpaka ninaandika vibaya.

Jumanne, 6 Mei

Mpango wa Tatu: Mapenzi.

Katika riwaya zote nilizosoma, mwanamume aliyepata mchumba haondoki, isipokuwa wale wanaokufa. Nikafikiri sana. Nikampata Mkutubi wa maktaba ya mji. Hana mume. Ana sauti nzito ambayo kazi yake haimruhusu kuitumia. Tena ni mfupi, na ngazi ya maktaba imevunjika tangu mwaka jana, kwa hiyo rafu za juu hazijashikwa na mkono wa binadamu.

Nikamwomba Mjomba anisindikize kurudisha vitabu. Nikamwambia Mkutubi, huku nikitazama viatu vyangu, kwamba Mjomba wangu hahitaji ngazi. Basi! Nikajificha nyuma ya Jiografia.

Mambo yalikwenda kama yaliyoandikwa. Alimteremshia vitabu, yeye akavipangusa vumbi. Wakapiga chafya pamoja. Wakacheka pamoja. Nikaanza kuwaza nitavaa nini harusini.

Ndipo akamuuliza anafanya kazi gani.

Mjomba akamwambia. Mkutubi akaweka muhuri chini. Akasema, "Ngoja. Wewe si yule wa jezi za kijani? Uliingia dakika sita, ukapata madhambi matano, ukatoka?" Mjomba akasema ndiye, na ile ilikuwa mechi yake bora. Mkutubi akasema aliiona kwa macho yake. Akasema alisimama juu ya kiti! Nikaona harusi inakaribia. Kumbe ni balaa. Alimuuliza kama anakimbia ngazi. Mjomba akasema hana ngazi. Mkutubi akasema maktaba ina ghorofa tatu na inafungwa saa kumi na moja.

Nilikaa kwenye ngazi ya chini kabisa nikiyashuhudia. Mjomba akipanda na kushuka. Mkutubi juu na saa mkononi, sauti yake hatimaye imepata kazi. "Ongeza! Ongeza! Hapo ndipo ulipochoka? Bibi yangu hupanda hivyo na ndoo!" Vitabu vilitikisika.

Tukiwa tunaondoka alinishika bega. Akasema ni heshima kubwa kumsaidia mtu amalize kazi yake vizuri.

Amalize! Nani amesema amalize?

Alhamisi, 8 Mei

Hali ni mbaya. Wakala alikuja kumwona Mjomba kwa macho. Akampandisha kwenye mizani ya Mama. Akatazama, akamwambia ashuke, akampandisha tena. Nilifurahi. Nilidhani mizani imezidiwa.

Wakala akasema kumbe timu ya tisa ilimwacha kwa sababu alikuwa amekonda. Kocha mgeni anataka mtu mwenye mwili chini ya kikapu, asiyepeperuka. Akauliza ni nani anayempikia kijana huyu. Mama akaninyooshea kidole bila huruma. Wakala akanipa mkono. Akasema nina mustakabali katika michezo.

Na Kiranja wa Michezo? Hajui kurusha mpira. Mmoja unakwenda juu ya paa, mwingine kwenye beseni la jirani. Nilimcheka siku ya kwanza. Sasa sicheki. Mjomba amejifunza kudaka mpira wa aina yoyote, hata unaotoka nyuma. Kila ninachokipanga kinamsukuma mlangoni. Ni kama ninasukuma gari bovu nikitaka lisiwake, na liko mteremkoni.

Jioni, Kiranja alipokwisha kwenda kwao (alikunywa chai yetu vikombe viwili, na alimwita Mama "mama"), nilikaa na Mjomba uani. Nikamuuliza katika watu wote aliowahi kuwa alimpenda yupi. Akasema kulikuwa na mmoja mwenye mkono wa kushoto, mkorofi, aliyecheza kama anayefukuza kuku. Huyo alimfurahisha sana. Alisikitika wiki ilipokwisha.

Nikamuuliza kama kocha asingemwambia awe mtu fulani, angecheza vipi?

Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akaupiga mpira chini mara moja, akaudaka, akaukalia. Akasema, "Unajua, hakuna aliyewahi kuniuliza. Sijui, Profesa. Kweli sijui."

Taa ikawaka kichwani mwangu. Aibu nayo ikawaka. Taa ilikuwa kubwa zaidi.

Ijumaa, 9 Mei

Mpango wa Nne. Sina jina la kuupa.

Mjomba ameandaa watu watatu wa kesho. Yule mkorofi wa kushoto. Mmoja mtulivu anayepokonya mipira kama anaokota maembe. Na wa tatu, fundi wa kuziba njia. Akaniomba nimchagulie, maana mimi ni msomaji wa watu.

Nikamwambia, "Mjomba, kesho kuwa wewe mwenyewe."

Ndiyo! Ni ushauri mzuri! Vitabu vyote vinausema. Umeandikwa ukutani shuleni, karibu na mabomba. Hakuna mahakama itakayonifunga kwa kumwambia mtu awe yeye mwenyewe. Nikaongeza kwamba kocha anakuja kumwona yeye, haji kuwaona wengine. Nilisema vizuri. Kwa mara ya kwanza maishani hotuba haikurudi tumboni.

Mjomba aliinama anitazame. Akauliza, "Kweli?" Nikasema kweli, nikiutazama mlango. Akaweka kiganja chake kichwani mwangu. Kiganja cha Mjomba hukaa kichwani kama kofia. Akasema asante.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mjomba, kikulacho kinakukaangia mayai.

Sikuweza kula. Mama alinigusa paji la uso, akasema homa haipo ila mtoto hana rangi, akaleta ile dawa chungu. Sikubisha. Nilikunywa vijiko viwili.

Jumamosi, 10 Mei

Nitaandika kwa mpangilio.

Ukumbi wa michezo. Sakafu ya mbao, inanuka nta na soksi. Ubao mmoja karibu na mstari umelegea, ukiukanyaga unalia kama paka. Mama alikuja moja kwa moja kutoka zamu, na sare yake nyeupe na kofia. Mkutubi alikuja na chupa ya chai. Kiranja wa Michezo alikuja na filimbi, refa akamnyang'anya kabla hata hatujakaa. Kocha mgeni alikaa peke yake safu ya mbele. Mwembamba, miwani, kalamu mkononi. Timu ya mji iligawanywa pande mbili. Upande wa pili ulikuwa na kijana mmoja wanayemwita Umeme.

Refa akarusha mpira juu. Mjomba akawa yeye mwenyewe.

Sitaki kuandika.

Nitaandika. Alikuwa kama mgeni aliyefika ukumbini na hajaambiwa akae wapi. Alipewa mpira akautazama kama barua ya mtu mwingine. Alikwenda kulia, akasita, akaomba radhi. Aliwapisha watu! Akampasia refa. Umeme alipita chini ya kwapa lake mara tatu, mara ya tatu akamshukuru. Watoto wa safu za nyuma wakaanza kucheka. Kiranja alijifunika uso na jezi: "Mjomba wetu kafa leo." Sikumkosoa kuhusu "wetu". Mkutubi alimimina chai akaisahau. Mama alikuwa kimya, na Mama huwa hakai kimya.

Kocha mgeni akafunika kalamu yake.

Nilishinda! Mpango umefaulu! Nilikaa pale nikingoja furaha ije.

Ndipo Mjomba akageuka kunitafuta kwenye viti. Akaniona. Nilidhani atanikasirikia. Akatabasamu kidogo, na kutikisa kichwa, kama mtu anayekwambia usijali, hukukosea wewe.

Mimi si mtu wa kupiga kelele. Nikijibu swali darasani, mwalimu huja mpaka kwenye dawati langu ili asikie. Sijui nilifikaje juu ya kiti. Najua tu nilikuwa juu ya kiti na sauti ilikuwa inatoka, na ilikuwa yangu.

"Mjomba! Usiwe wewe! Kuwa mtu mwingine! Mtu yeyote!"

Ukumbi ukanyamaza. Hata ule ubao. Mama akanivuta sketi, akaniuliza kwa meno kama nimerukwa na akili. Mjomba alisimama katikati ya uwanja. Nilimwona akiwapitia watu wake wote kichwani, warefu wote aliowaiga katika timu tisa, mmoja mmoja, akiwaacha. Kisha akanyoosha mgongo. Akashika kiuno kwa mkono mmoja. Akainua kidole. Kidevu kikapanda.

Nilimtambua mtu yule papo hapo, nikakataa kuamini.

Umeme akaja mbio na mpira. Mjomba hakuruka. Hakupunga mikono. Alisogea tu, nyonga kwanza, akaujaza mlango wa kikapu wote, akamtazama kijana kuanzia viatu mpaka nywele. Akamuuliza, na ukumbi mzima ulisikia, "Umekuja kumwona nani?"

Umeme alisimama. Haki ya nani, alisimama! Mjomba akamtoa mpira mkononi polepole, kama unavyomnyang'anya mgeni wa mgonjwa mfuko wa machungwa.

Baada ya hapo hakuingia mtu. Wakija wawili aliwaambia mmoja mmoja. Wakija kwa kasi aliwaambia hapa watu wanapumzika. Wenzake aliwapanga kwa kidole, wewe kitanda cha kule, wewe dirishani, wewe usinizubalie. Wakatii! Mipira iliyogonga ubao aliikusanya kama mashuka machafu. Umeme alijaribu kuzunguka nyuma, akakuta kiwiko. Refa alipiga filimbi, Mjomba akamgeukia refa kwa jicho lile, na refa akaanza kuitazama filimbi yake kana kwamba imelia yenyewe.

Mama alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti. Akasema polepole, "Huyu ninamjua." Kisha akasema, "Huyu ni mimi!" Kisha akasema, "Nikimpata leo!" Machozi yalikuwa yanamtoka kwa kicheko, ameshika kofia isianguke. Dakika chache baadaye alikuwa amesimama akimkosoa: "Kiuno! Kiuno, we mtoto! Lini umeniona nimeinama hivyo?" Mjomba akanyoosha kiuno. Ikawa kweli zaidi.

Kocha mgeni aliifunua kalamu. Akaandika mpaka karatasi ikaisha, akaendelea kwenye kiganja.

Mechi ilipokwisha aliingia uwanjani. Akasema amewatazama warefu maisha yake yote na huo uchezaji hajauona kokote. Huyo aliyekuwa anamcheza ni nani, na anachezea timu gani?

Mjomba alikuwa anahema, jasho likimtiririka. Akanyoosha kidole kwenye viti. "Dada yangu."

Kocha akageuka. Mama akainyoosha kofia yake, akamwuliza kama amenawa mikono, maana kwenye kiganja kuna wino.

Jumapili, 11 Mei

Wamemchukua.

Wakala alipiga simu asubuhi. Msimu mmoja wa kucheza, na wakiridhika, mwingine wa kuwafundisha warefu chipukizi. Kocha anasema Mjomba ataanza kwa kuwafundisha namna ya kuwa dada yake. Safari Jumatano.

Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akaja na mwiko mkononi akidhani kuna moto. Kiranja wa Michezo alifika, sijui nani alimwambia, akamkumbatia Mjomba kiunoni na kumwambia ametuheshimisha. Mkutubi alileta kitabu kinene, akasema muda wa kukirudisha ni msimu mzima, akacheka, akaondoka haraka. Kwa hiyo Mpango wa Tatu haukufa kabisa. Nimeuwekea alama.

Mimi nilisema hongera. Kisha nikaenda kuosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Nimefikiri. Nimejifunza. Ninaandika kwa kalamu nyekundu: USIMZIBIE MTU NJIA YAKE KWA SABABU UNAMPENDA. Nimepiga mstari chini yake, kwa rula. Mipango basi. Mimi ni mtu mpya.

Jumatano, 14 Mei

Nilimsaidia kufunga begi. Lilikataa kufungika, tukalikalia wote wawili, mgongo kwa mgongo. Tulibaki tumelikalia hata baada ya zipu kufika mwisho.

Akasema mayai aliyajua tangu siku ya kwanza.

Akaendelea, akiutazama ukuta wake na mimi nikiutazama wangu. Akasema, "Mimi nimeachwa na timu tisa, Profesa. Mtu anayetaka nibaki nilikuwa sijawahi kumwona. Lakini nilipomwona nilimjua."

Nikamuuliza, kwa sauti yangu ya darasani, kama na ule ushauri wa Ijumaa aliujua. Akasema aliujua, kwa jinsi nilivyokuwa nikizungumza na mlango. Aliufuata tu kwa sababu alitaka kumwona huyo mtu.

Nikauliza, basi umemwona?

"Nimemwona. Si mbaya. Mpole. Ila hajui kudaka."

Tulicheka mpaka begi likayumba. Kisha nikalia, kisha akajifanya anatafuta soksi. Akasema msimu ukiisha atarudi kwenye kochi hili hili, wamtake wasimtake, na kwamba yule mjane hakuua mtu, na tutalizungumza. Akatoka kwenda kumuaga jirani na vyombo vyake.

Nilibaki na begi.

Ndani ya begi kulikuwa na raba zake mpya. Ziliagizwa mbali, kwa sababu hapa mjini hakuna duka lenye namba ya mguu wake, na huko aendako wakala amesema ni kudogo kuliko hapa. Alikuwa amevaa zile za zamani. Za zamani zina tundu kwenye kidole gumba. Nimezichunguza. Hazifiki mwezi wa nane.

Nilisoma tena maandishi yangu mekundu. Yanazungumzia njia. Hayazungumzii viatu.

Nilifungua begi, nikatoa raba moja, ya kushoto. Moja tu, mimi si katili. Nikafunga begi, safari hii lilifungika vizuri. Nikabeba upande mmoja wa begi na Kiranja wa Michezo akabeba wa pili mpaka kituoni, nikampungia Mjomba mkono mpaka basi likakata kona. Kisha nikarudi nyumbani, nikaijaza ile raba magazeti ili isipoteze umbo, nikaiweka nyuma ya kamusi.